Ulegevu wa Krenki za Baiskeli: Kuutambua Kabla ya Kuulipia

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya msingi baiskeli si pambo wala si anasa. Ni chombo cha kazi, sawa na mizani na daftari. Kwa baiskeli karani hufika kituo cha ununuzi kabla jua halijawa kali. Kwa baiskeli katibu hupeleka barua za mkutano vitongojini. Na kwa baiskeli mkulima hufunga gunia lake juu ya keria akalifikisha ghalani. Chombo cha namna hiyo kikiharibika, kazi ya watu wengi husimama, na fedha zinazotolewa kukitengeneza ni fedha za wanachama. Kwa hiyo yampasa katibu anayeidhinisha malipo ya fundi ajue, walau kwa kiasi, ni kitu gani hasa kinacholipiwa.

Mazungumzo haya yanahusu ugonjwa mmoja tu wa baiskeli, nao ni ulegevu wa mahali pale pedali zinapozungukia. Ugonjwa huu una hila: dalili yake ni moja, lakini vyanzo vyake ni vingi. Mpandaji husikia kitu kikigonga chini ya mguu wake, akasema kuwa krenki zimelegea. Fundi naye, akiwa na haraka ya wateja wengine, hukaza kila kinachokazika. Jambo la kushikwa ni hili: ulegevu hauna budi kutafutwa mahali ulipo kabla spana haijashikwa. Kila ulegevu una dawa yake, na dawa ya mmoja haiuponyi mwingine, bali pengine huuzidisha.

Na ichukuliwe mfano wa chama ambacho baiskeli ya karani wake ilianza kugonga msimu wa ununuzi ulipofunguliwa. Fundi wa kwanza alibadili gololi na vikombe, akalipwa. Baada ya siku tatu mlio ukarudi. Fundi wa pili aliuza pedali mpya, akalipwa. Mlio haukuondoka. Fundi wa tatu ndiye aliyegundua kwamba pini moja ya krenki imelegea tangu mwanzo. Lakini kufikia siku hiyo tundu la krenki lilikuwa limekwisha kupanuka na ekseli imelika, basi vyote viwili vikanunuliwa upya. Mkutano mkuu ulipouliza sababu ya gharama hiyo, katibu alikuwa na stakabadhi zote, na kila stakabadhi ilikuwa halali. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya malipo ya kwanza, ulegevu uko wapi.

VIUNGO VYA MAHALI HAPO

Baiskeli ya chuma ya kubebea mizigo, iliyozoeleka katika Afrika Mashariki, ina asili ya Kiingereza. Raleigh ilitoka Nottingham, Uingereza. Phoenix ya China na baiskeli nyingi za India zilifuata umbo lilo hilo. Chini kabisa ya fremu, mahali mabomba yanapokutana, kuna bomba fupi na nene lililolala kwa upana. Ndani ya bomba hilo hupita ekseli ya pedali. Ekseli hiyo ina sehemu mbili zilizonenepa, nazo huitwa koni. Kila upande wa bomba hufungwa kikombe cha chuma kigumu kwa njia ya hesi, na kati ya kikombe na koni huzunguka gololi, ambazo kwa kawaida ni 11 kila upande, kila moja ikiwa na kipenyo cha robo inchi.

Vikombe hivyo viwili havifanani kwa kazi. Kile cha kulia, upande wa mnyororo, hukazwa kabisa na kuachwa. Kile cha kushoto ndicho kinachosogezwa ndani au nje ili kurekebisha nafasi ya gololi, kisha hushikiliwa na ringi ya kufungia.

Kwenye ncha za ekseli huvikwa ile mikono miwili ya pedali, ambayo ndiyo krenki zenyewe. Kila krenki hushikwa na pini, ambayo mafundi wengi huiita kotapini. Pini hiyo ni ya mviringo lakini ina ubapa upande mmoja, na ubapa huo hukaa juu ya bapa lililochongwa katika ekseli. Mwisho wa krenki hufungwa pedali, nayo pedali ina ekseli yake ndogo na gololi zake.

Kwa mpango huo, ulegevu unaweza kukaa mahali patano: katika gololi za pedali, katika hesi inayoishika pedali kwenye krenki, katika pini ya krenki, kati ya ekseli na vikombe vyake, au kati ya kikombe na fremu. Mpandaji akiwa juu ya kiti, yote matano huleta hisia inayokaribiana chini ya mguu.

KUSIKILIZA NA KUHESABU

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Baiskeli ipandwe mahali tambarare, kisha mpandaji aache kukanyaga na kuiacha ijiendee. Mlio ukiendelea, chanzo ni magurudumu au madigadi, wala si krenki. Mlio ukikoma, uchunguzi uendelee.

Kipimo cha pili ni kuhesabu. Ikiwa gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma ina meno 18, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu la nyuma mara mbili na theluthi mbili. Kwa hiyo mlio unaosikika karibu mara tatu katika mzunguko mmoja wa pedali hutoka gurudumu la nyuma. Mnyororo nao huchukua zaidi ya mizunguko miwili ya pedali kumaliza safari yake. Hivyo mlio unaoruka mzunguko mmoja au miwili kabla ya kurudi ni dalili ya pingili iliyokakamaa. Bali mlio unaorudi kila mzunguko, mguu ukiwa mahali pale pale, huo ndio wa krenki, wa pedali au wa ekseli yao.

Tahadhari moja iongezwe. Bomba la fremu husafirisha sauti kama waya wa simu, na springi za kiti zaweza kulia zikadhaniwa ni krenki. Mpandaji ainuke kidogo aache kuukalia uzito wake kitini huku akiendelea kukanyaga. Mlio ukipotea hapo, kiti ndicho kichunguzwe.

KUPIMA KWA MIKONO

Baada ya masikio ni zamu ya mikono. Baiskeli isimamishwe imara, mtu mmoja akiishika, na uchunguzi uanzie nje kuelekea ndani.

Kwanza, pedali. Ishikwe pedali yenyewe itikiswe huku krenki imezuiwa kwa mkono wa pili. Ikicheza juu ya ekseli yake ndogo, gololi zake zimelika au koni yake imelegea. Ikiwa ekseli yake ndogo ndiyo inayocheza ndani ya krenki, hesi haikukazwa au imekufa.

Pili, krenki zishikwe kwenye ncha zake, wala si kwenye pedali, zitikiswe kuelekea fremu na kutoka kwenye fremu. Hapa ndipo penye hukumu kubwa. Krenki moja ikicheza na ya pili ikatulia, pini ya ile inayocheza ndiyo yenye kosa. Zote mbili zikicheza pamoja kama kitu kimoja, ekseli ndiyo inayocheza ndani ya vikombe. Wakati huo kidole kiwekwe kwenye mpaka wa kikombe na fremu. Kidole kikihisi kikombe kikisogea, basi kikombe chenyewe au ringi yake imelegea.

Tatu, krenki zilazwe usawa wa ardhi, moja mbele na moja nyuma, kisha zote mbili zikandamizwe chini kwa pamoja na kwa nguvu. Kwa kuwa kila moja inataka kuizungusha ekseli upande wake, pini zote mbili hubeba nguvu hiyo. Halafu krenki zigeuzwe nusu mzunguko, iliyokuwa mbele iwe nyuma, zikandamizwe tena. Pini iliyolegea itagonga au kusogea kila nguvu inapogeuzwa, na jicho litaona mwanya ukifunguka na kufunga pale krenki inapokutana na ekseli. Kipimo hiki hugundua hata ulegevu mdogo ambao kutikisa kwa ubavu hakukuuonyesha.

Nne, mnyororo uondolewe juu ya gia na krenki zizungushwe polepole kwa vidole viwili. Mzunguko laini ni dalili ya afya. Mkwaruzo wa mchanga ni dalili ya uchafu, au ya gololi na vikombe vilivyochimbika. Ikiwa zinakaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine katika mzunguko ule ule, ekseli imepinda au koni imelika upande mmoja, na hakuna marekebisho ya kikombe yatakayoiponya.

DAWA YA PINI

Yafaa ieleweke kwa nini pini ndogo hivyo husumbua kuliko vyote. Krenki ina urefu wa yapata sentimita 17, lakini pini hukaa chini ya sentimita moja kutoka katikati ya ekseli. Kwa hiyo uzito wa mguu hukuzwa yapata mara 20 unapofika kwenye pini. Mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya pedali mlimani huitia pini nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1,400. Mwanya mdogo kama unene wa karatasi, ukigongwa kwa nguvu hiyo mara elfu kadhaa kwa siku, hupanuka upesi. Kwanza hulika pini, ambayo bei yake ni ndogo. Ikiachwa, hulika tundu la krenki. Ikiachwa tena, hulika bapa la ekseli, na hapo hata pini mpya haitadumu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Pini mpya iwe na kipenyo sawa na ile ya zamani. Ziko za milimita 9.5 na ziko za milimita 9, na tofauti hiyo ndogo yatosha kuharibu kazi yote. Kwa hiyo pini ya zamani ichukuliwe dukani ikalinganishwe. Pini hupigwa kwa nyundo hadi ikae imara, ndipo nati ifungwe. Kazi ya nati ni kuizuia pini isirudi, si kuivuta iingie. Anayeivuta kwa nati hukata hesi zake.

Kabla ya kupiga nyundo, krenki itegemezwe chini yake kwa kipande cha bomba au gogo gumu linalofika sakafuni, tundu likiachwa wazi pini ipite. Bila tegemeo hilo, pigo lote huangukia gololi na vikombe na kuvichimba, na aliyekuja kuponya ulegevu mmoja huzaa wa pili. Wakati wa kuitoa pini ya zamani, nati ilegezwe bila kuondolewa yote, ili nyundo isivunje hesi.

Krenki mbili zikishafungwa, zitazamwe kwa ubavu. Ni lazima zifanye mstari mmoja ulionyooka. Zikipinda, pini moja imeingizwa kwa upande usio wake, au pini mbili hazikuchongwa sawa. Mpandaji wa baiskeli hiyo atachechemea kama mwenye mguu mfupi.

Kipande cha bati la kopo, msumari uliopondwa, au waya uliosokotwa, vyote hivyo si pini. Vyaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini havistahili kuandikiwa hati ya malipo.

Mwisho, pini mpya hujipanga mahali pake katika safari za kwanza. Baada ya siku moja ya kazi igongwe tena kidogo, juu ya tegemeo lile lile, na nati ikazwe. Pini nyingi zinazosemekana kuwa mbovu hazikupata huduma hii tu.

DAWA YA EKSELI NA VIKOMBE

Ikiwa krenki zote mbili zilicheza pamoja, ringi ya kushoto ilegezwe, kikombe kikazwe kidogo kidogo hadi mchezo uishe na ekseli ibaki ikizunguka bila kukaza. Kisha kikombe kizuiwe kisigeuke huku ringi ikifungwa. Baada ya kufunga, kipimo kirudiwe, kwa sababu mara nyingi ringi huvuta kikombe pamoja nayo. Kukaza kupita kiasi nako ni kosa: ekseli iliyobanwa huchosha mpandaji na kuponda gololi.

Mchezo usipoisha, kazi ifunguliwe. Gololi zioshwe na kuhesabiwa, na njia za vikombe na koni zitazamwe kwenye mwanga. Njia inayong'aa bila vishimo yaweza kutumika tena kwa grisi mpya. Yenye vishimo haina budi kubadilishwa, na gololi mpya juu ya njia mbovu ni fedha iliyotupwa. Katika baiskeli ya Kiingereza kikombe cha kulia kina hesi ya kinyume: hufunguliwa kwa kugeuzwa upande ambao nati za kawaida hukazwa. Asiyejua hilo huzidi kukikaza hadi hesi za fremu zikafa. Ikumbukwe pia kwamba hesi za Raleigh nyingi za zamani zilikuwa 26 kwa inchi, ilhali za baiskeli nyingine nyingi ni 24. Vikombe hivyo havibadilishani. Basi kikombe cha zamani nacho kiende dukani.

Pedali nazo zina siri ya namna hiyo. Ya kulia hukazwa kama nati ya kawaida, ya kushoto hukazwa kinyume. Pedali zikibadilishwa pande na kulazimishwa, ni krenki ndizo zitakazolipa.

Baiskeli zinazopita vijito na madimbwi huingiza maji ndani ya bomba la ekseli. Kufungua, kuosha na kutia grisi mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu, ni kazi ya saa chache inayookoa vifaa vya miaka.

BAISKELI ZISIZO NA PINI

Baiskeli nyingi za siku hizi, hasa zile za gia nyingi, hazina kotapini. Ncha ya ekseli ni ya pembe nne, na krenki hubanwa juu yake kwa bolti au nati iliyofichwa chini ya kifuniko. Vipimo vya masikio na mikono ni vile vile. Tofauti ni kwamba krenki ya aina hii, ambayo mara nyingi ni ya aluminiamu, ikiendeshwa imelegea hata kwa siku chache, tundu lake hupoteza pembe zake na haliwezi kushika tena. Ikazwe mara tu inapoanza kucheza. Isitolewe kwa nyundo. Kuna chombo maalumu cha kuivutia. Aidha, nyingi kati yake hazina vikombe vya kurekebisha, bali mtungi uliofungwa pamoja na ekseli na gololi zake. Mtungi huo ukicheza, hubadilishwa mzima.

WAJIBU WA KATIBU NA WA MWANACHAMA

Mwanachama anayebeba gunia lake asidhani kwamba mlio ni kelele tu. Krenki iliyolegea ikiteleza mlimani, mguu huanguka ghafla, baiskeli hulala, na gunia la nyuma humfuata mwenyewe. Krenki inayogonga isibebe mzigo hadi itengenezwe.

Kwa upande wa katibu, mambo manne yatosha. Kwanza, kabla ya baiskeli ya chama kupelekwa kwa fundi, vipimo vifanywe na mahali pa ulegevu paandikwe katika daftari la vifaa. Pili, vifaa vya zamani virudishwe pamoja na stakabadhi, ili kamati ione kilichobadilishwa. Tatu, vipimo vile vile virudiwe mbele ya fundi kabla ya kumlipa. Nne, baiskeli irudi kwake baada ya siku ya kwanza ya kazi ili pini ikazwe tena, na jambo hilo likubaliwe tangu mwanzo kuwa ni sehemu ya malipo.

Haya hayamvunjii fundi heshima. Fundi mwema hupenda mteja anayejua anachokitaka, maana hapo hatalaumiwa kwa ugonjwa ambao hakuonyeshwa. Na kile chama kilicholipa mara tatu hakikuibiwa na mtu. Kilikosa dakika kumi za kushika krenki mbili na kuzitikisa. Dakika hizo kumi zimo katika uwezo wa kila katibu na kila mwanachama, nazo hazihitaji hati ya malipo.